Msinisifu kwa Subira

Mwaka jana, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu hapa Tanga, mshereheshaji alinisimamisha mbele ya ukumbi mzima. Alikuwa amepenyezewa habari zangu. Akawaambia maharusi: "Mnamwona mama huyu? Mumewe aliumia kichwa, akageuka kama mtoto mdogo, na yeye hakutoka hata siku moja. Huyo ndiye mke. Subira yake ndiyo iliyomponya mumewe." Vigelegele vikajaa ukumbi. Bibi harusi alinitazama kwa heshima kubwa. Mimi nikatabasamu kama adabu inavyotaka, nikaketi, na pilau ikanishinda.

Nilipoketi nilihesabu. Katika meza iliyoanzisha vigelegele, wanne hawakuwa wamekanyaga kwangu tangu mume wangu arudi kutoka hospitali, na kutoka kwao hadi kwangu ni mwendo wa miguu. Siwataji kwa kinyongo. Nawataja kwa sababu sifa ile na kutokuja kwao vimezaliwa na wazo moja: kwamba mume aliyeumia ubongo huponywa na subira ya mkewe. Ukishaliamini hilo, huna haja ya kuja. Dawa tayari imo ndani ya nyumba.

Wazo hilo ndilo ninalolipinga hapa. Haliendani na namna ubongo unavyopona, linamwonea anayeambiwa, na linamdhuru mgonjwa yule yule anayehurumiwa. Nasema haya nikiwa mke wa mume wangu bado, chini ya paa lile lile, huu ukiwa mwaka wa sita tangu aumie. Sitafuti ruhusa ya kuondoka. Natafuta watu.

Wanaoliamini wazo hili si watu wabaya, na nitalieleza kama wanavyolieleza wenyewe. Husema kwamba mtu akishatoka hospitali, akasimama kwa miguu yake na kuwatambua wanawe, amepona. Yaliyobaki ni ya nyumbani. Husema kwamba ya nyumbani hutengenezwa na mapenzi na uvumilivu wa mke. Na husema kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Sisi wa pwani tumelelewa na maneno hayo. Somo yangu, wiki moja kabla sijaolewa, alinifundisha kupika, kujipamba na kuzungumza na mume, lakini fundisho alilolirudia kuliko yote lilikuwa hilo la mwisho: nyumba ni stara. Nililishika. Nitaeleza lilikotufikisha.

Mume wangu ni seremala. Jioni aliyoumia alikuwa amepanda bodaboda kutoka Chumbageni kurudi Makorora. Kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70, lakini pikipiki ile ilikuwa na kofia moja tu, nayo ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Gari liliwachota njia panda. Alipofikishwa hospitali alama zake zilikuwa 7. Kipimo hicho kilibuniwa Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett: huangaliwa macho yanavyofumbuka, maneno yanavyotoka na viungo vinavyoitika, kisha alama zinajumlishwa. Mzima kabisa ana 15, wa chini kabisa ana 3, na kuanzia 8 kushuka ni jeraha kubwa. Alilala siku kumi na moja bila kufumbua macho. Alipoyafumbua, nyumbani walichinja.

Siku ya ruhusa nilikabidhiwa bahasha ya picha za kichwa, dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi kutazamwa mshono. Alama zilikuwa zimefika 15. Muuguzi akaniambia, "Mshukuru Mungu mama, amepona." Nilimshukuru, na bado ninamshukuru. Lakini hakuna aliyenikalisha chini akanieleza ni mtu gani ninayekwenda kuishi naye.

Kipimo cha Glasgow hupima kama mtu ameamka. Hakipimi kama ataweza kuanza kazi bila kusukumwa, kuvumilia kelele za watoto wawili kwa wakati mmoja, kukumbuka kwamba amekwisha kula, au kulizuia neno lililokwisha kufika ulimini. Ubongo ni laini, kama nyama ya dafu changa ndani ya kifuu. Kichwa kinaposimamishwa ghafla, wenyewe huendelea kwenda. Hujigonga kwenye mifupa yenye makali iliyo upande wa mbele, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine huvutika na kukatika. Ndiyo maana kinachoumia sana ni ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, na kazi ya sehemu hiyo ni kupanga, kungoja, kujizuia na kujiona. Hata kule kujiona huumia. Mume wangu alikuwa akiapa kwamba hana tatizo lolote, na hakuwa akidanganya. Kiungo ambacho kingemwonyesha tatizo ndicho kilichokuwa na jeraha.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1848, huko Vermont nchini Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alirushiwa mtaimbo na baruti, ukaingia shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Alitembea, akazungumza, akakumbuka. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba waliomfahamu walimwona amekuwa mtu mwingine: mwepesi wa matusi, asiyeshika azma. Zaidi ya miaka 170 baadaye, sisi bado tunamwona mtu anayetembea na kusalimia, tunasema amepona, na ukali wake tunauita tabia mbaya, jini, mkono wa mtu, au mke asiyejua kumtuliza mumewe.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza. Anayesema mgonjwa amepona hamtii moyo mkewe. Anamwachia mkewe lawama ya kila kitakachoharibika kuanzia siku ile. Maana kama alitoka hospitali mzima, basi kilichomharibu kiko nyumbani.

Sasa nije kwenye subira yenyewe. Wanaonisifu wanadhani subira yangu ilimponya. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu ilimchelewesha, na nina ushahidi wa mambo mawili.

La kwanza. Kwa miezi minane nilikuwa nikimwona mume wangu akikodoa macho ghafla. Anatafunatafuna kisichokuwepo, anashikashika vifungo vya shati, ukimwita haitiki. Nusu dakika hivi, kisha anarudi amechoka na mkali, hajui lililotokea. Mama mkwe alisema ni mawazo. Jirani alisema amechezewa. Mimi sikusema kitu. Nilifunga mlango watu wasione. Nilikuwa mke mwema kama nilivyofundishwa. Mficha maradhi kilio humuumbua: siku moja alianguka mbele ya msikiti, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka, na stara yangu ikaishia hapo barabarani. Daktari aliponiuliza nikamsimulia ya vifungo na ya kukodoa macho, akaniambia kwamba yale yote yalikuwa kifafa, kifafa kinachotokana na kovu la ubongo, na kwamba dawa zake zipo na ni za kawaida kabisa. Tangu aanze kuzimeza, zile nusu dakika zimekuwa chache mno, na hajaanguka tena. Miezi minane niliyoificha kwa subira ningeweza kuifupisha kwa sentensi moja mbele ya daktari.

La pili. Nilimfanyia kila kitu. Nilimfunga vifungo, nilimkatia mkate, nilimjibia maswali aliyoulizwa na wageni, nilimtoa randa mkononi asijikate. Watu waliona mapenzi. Kisha tukabahatika kumpata mtaalamu wa tiba kwa vitendo, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alitutazama tukinywa chai, akaniambia kwa upole: "Mama, mikono yako inamzuia." Akanieleza kwamba ubongo uliojeruhiwa hutafuta njia nyingine kwa kutumika. Kila kifungo nilichomfunga mimi ni zoezi nililomnyang'anya yeye.

Alichonifundisha binti yule hakikuwa subira. Kilikuwa ufundi, na ufundi hufundishika. Agizo moja kwa wakati mmoja, jingine lisije hadi lile liishe. Redio izimwe mtu anapozungumza naye. Kila kitu kikae mahali pake, kila siku, pasipobadilishwa hata kwa usafi. Ratiba ya siku iandikwe kwa herufi kubwa na ibandikwe ukutani, naye awe anaisoma mwenyewe badala ya kuniuliza. Apumzike kabla hajachoka, kwa sababu uchovu wa ubongo haungoji jioni, na akishachoka ndipo matusi yanapotoka. Asinywe pombe kabisa, maana pombe na kifafa ni moto na petroli. Asipande pikipiki, kwa sababu kichwa kilichokwisha kuumia kikiumia tena madhara hujirundika.

Akanionya pia juu ya jambo ambalo wageni wote hulifanya. Mtu anaingia, anasimama mbele ya mgonjwa, anauliza: "Unanikumbuka? Mimi nani?" Anadhani anaamsha kumbukumbu. Mgonjwa anahangaika, anabahatisha jina, anakosea, anaona watu wanavyotazamana. Na kwa mtu ambaye kumbukumbu imeharibika sana, lile jina la kubahatisha ndilo linalokaa kichwani. Afadhali uingie useme: "Assalamu alaikum kaka, mimi Hamisi wa Ngamiani, tuliyecheza mpira pamoja." Umempa jibu, umempa heshima yake, na kesho atakukumbuka kwa urahisi zaidi.

Kwa ufundi huo mume wangu alirudi kwenye karakana. Alianza na msasa tu, robo saa, akapumzika. Baada ya wiki kadhaa akaongezewa futi na penseli. Msumeno wa umeme hajaugusa na hataugusa. Alianza kutengeneza mbuzi ya kukunia nazi, kazi aliyokuwa akiimaliza asubuhi moja, na hatua zake zote zilikuwa zimechorwa kwenye ubao mbele yake. Mbuzi ya kwanza ilimchukua karibu mwezi. Ilikuwa mwaka na nusu tangu aumie, wakati ambao watu walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba asiyepona ndani ya miezi sita hatapona tena. Huo nao si ukweli. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi kubwa, lakini watu huendelea kupata nafuu kwa miaka.

Nirudi kwa Phineas Gage, maana kisa chake kina nusu ya pili isiyosimuliwa sana. Baada ya kuumia alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Mwanasaikolojia wa Australia, Malcolm Macmillan, aliyeyafuatilia maisha yake kwa muda mrefu, amejenga hoja kwamba kazi ile yenye mpangilio usiobadilika, saa zile zile na njia ile ile, ndiyo iliyomrudishia Gage sehemu kubwa ya utu wake. Alifariki mwaka 1860, baada ya kupatwa na kifafa. Nasoma habari zake naona karakana ya mume wangu: ratiba, kazi, na watu wanaoihitaji kazi hiyo.

Anayesema ni subira iliyomponya, basi na ajibu swali hili. Mke akiumia ubongo, mume huambiwa nini? Nimekaa kwenye vikao viwili vya namna hiyo katika miaka hii, kwa kuwa watu huniita kama mzoefu. Katika vyote viwili, kabla mwaka haujapinduka, wazee walikuwa wakisema: "Mwanamume hawezi kukaa hivi." Mmoja alishauriwa aongeze mke. Mwingine alishauriwa amrudishe mgonjwa kwa mama yake. Hakuna aliyemsimamisha harusini akapigiwa vigelegele, na hakuna aliyemdai subira. Dawa ya kweli haichagui. Panado inayotuliza kichwa cha mwanamume hutuliza na cha mwanamke. Ikiwa subira huagizwa kwa wake peke yao, hiyo si dawa, ni mgawanyo wa kazi uliovishwa kanzu ya wema.

Wapo wanaonipa ushauri ulio kinyume, hasa rafiki zangu wa umri wangu: "Ondoka. Ungali na nguvu. Huyo siye uliyeolewa naye." Wanadhani wananitetea. Lakini nao wanaiona habari hii kuwa ni moyo wangu tu, ukae au uondoke. Wote wawili, wa subira na wa talaka, hakuna anayeuliza kuhusu Jumanne saa tisa alasiri, saa ambayo niko shuleni nafundisha, mume wangu yuko karakana, na anahitajika mtu wa kumwambia: sasa weka chini, upumzike.

Hata sheria imesimama pale pale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 63, inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya kuumia au kuugua mwili au akili. Ni sawa, na nimeutimiza wajibu huo. Kifungu cha 107 kinakubali, kama ushahidi wa ndoa iliyovunjika, maradhi ya akili ambayo madaktari wasiopungua wawili wamethibitisha kwamba hayana tumaini la kupona. Nayo ni haki ya mtu, na simlaumu mke yeyote aliyeshindwa. Lakini tazama: kuna mlango wa kubaki na kulisha, na kuna mlango wa kuthibitisha kukata tamaa na kutoka. Anayetaka kubaki na kusaidiwa hana mlango.

Na nisieleweke kwamba kila kitu kivumiliwe kwa jina la ugonjwa. Ubongo ulioumia unaeleza kwa nini mkono umenyanyuka. Haumfanyi mke kuwa godoro la kuangukia ngumi. Nilifundishwa kutoka chumbani mapema, kuwatoa watoto, kuita mtu, na kumweleza daktari. Mke aliyekimbia usiku hakukosa subira. Ameokoa watu wawili, yeye mwenyewe na mume ambaye kesho angejuta asichokumbuka.

Najua nitaambiwa kwamba dini imetuamuru kusubiri. Imetuamuru, nami ninasubiri. Lakini masheikh wetu wametufundisha pia habari ya yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Subira iliyo kamili huanza baada ya kufunga kamba. Kumfunga ngamia, kwa mume wangu, ni dawa ya kifafa kwa saa yake, ratiba ukutani, mtaalamu wa mazoezi, na mtu wa kushika zamu. Kuniambia nisubiri wakati kamba imelala chini si ucha Mungu.

Nitaambiwa pia: sisi ni masikini, huo utaratibu utatoka wapi? Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu utaratibu tunao. Mtaani kwetu kuna chama cha kufa na kuzikana. Kina katiba, daftari, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kina turubai mbili, viti, masufuria makubwa na majamvi. Mtu akifa, ndani ya saa mbili turubai limesimama. Kuna zamu za kupika, zamu za kulala na wafiwa, na ubani unaandikwa kwa jina na kiasi. Mjane atakaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo kila mtu anajua lililo lake: nani amletee kitoweo, nani awapeleke watoto shule, nani asimwachie upweke. Hakuna anayeambiwa kwamba subira ya mjane itachimba kaburi.

Mume wangu angekufa jioni ile, yote hayo yangekuja mlangoni kwangu kabla ya isha. Hakufa. Kwa hiyo turubai halikuja.

Na mimi nilikuwa na msiba. Yule niliyeolewa naye, aliyekuwa akinitania nikipika, aliyejua bei ya kila mbao hadi Muheza, hajarudi kamili. Amerudi mwingine, ninayempenda pia, ambaye hajui kushika fedha na hacheki nilipozoea acheke. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, amekuwa akiandika tangu miaka ya 1970 juu ya huzuni ya namna hii, ya mtu aliyepo na asiyekuwepo, na anasema ni nzito kwa sababu haina mwisho unaotambuliwa na watu. Kwa Kiswahili chetu ningesema ni msiba usio na matanga. Hauna eda, hauna arobaini, hauna siku ambayo watu watakuja kukuondoa kwenye jamvi. Badala ya ubani, unapewa sifa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi. Kumsifu aliyeubeba ni namna mojawapo ya kukaa mbali.

Mwaka juzi nilisimama kwenye mkutano wa chama chetu, nikaomba kiongezwe kifungu: mwanachama akipata jeraha kubwa au ugonjwa wa kulemaza, apangiwe zamu za watu kama anavyopangiwa mfiwa. Mzee mmoja alisema jina la chama ni la kufa na kuzikana, halina kuuguzana. Nikamwuliza: ikiwa tumeweza kuweka zamu kwa ajili ya mtu asiyehitaji tena kitu, tunashindwaje kuweka kwa anayehitaji kumeza dawa saa mbili? Kikao kilikuwa kirefu. Kifungu hakikupita siku ile. Lakini baada ya mkutano watu watatu walinifuata nje: shemeji yangu, fundi mwenzake mume wangu, na bibi mmoja jirani ambaye mwanawe aliumia kichwa zamani na hakumwambia mtu. Hao ndio waliofungua zamu. Jumamosi ni ya shemeji. Alhamisi fundi mwenzake huja karakana saa nane. Bibi huja Jumatatu, anasoma tasbihi yake mlangoni na kumkumbusha kupumzika. Mwezi ule wa kwanza nililala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na mume wangu akaongeza kazi yake kutoka robo saa tatu kwa siku hadi tano, kwa kuwa sasa palikuwa na mtu mbele yake asiyechoka kama nilivyokuwa nimechoka mimi.

Serikali nayo haiwezi kujificha nyuma ya mke mvumilivu. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wake juu ya utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake wa kila siku, mwaka 2017, na mwaka 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo ukapitisha azimio la kuuingiza katika huduma za kawaida za afya. Sisi tumo katika mkutano ule. Mwaka huo huo wa 2023 tulitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima itakayolipia kufungua fuvu na isilipie kumfundisha mtu kufunga vifungo imelipia nusu ya matibabu. Na kuna jambo ambalo halihitaji bajeti kubwa: asitoke mgonjwa wa jeraha la kichwa wodini kabla mtu hajakaa na familia yake kwa nusu saa, akawaeleza kuhusu kifafa, uchovu, ukali, usahaulifu, na mahali pa kurudi. Nusu saa ile ingeniokolea miezi minane.

Haya ndiyo ninayoomba, basi. Somo anayemfunda mwari amfundishe stara, lakini amfundishe pia kwamba maradhi hayasitiriwi mbele ya daktari. Shehe na padri wanapohubiri subira, wamalizie kwa kuuliza nani atashika zamu. Vyama vyetu vya kuzikana vifungue ukurasa mmoja zaidi kwenye daftari. Na mshereheshaji, akiniona tena, asinisimamishe mimi. Amsimamishe shemeji yangu, na fundi, na bibi wa Jumatatu, ili wengine waone inavyofanyika.

Bado kuna siku zisizo na mtu. Mojawapo ni Jumanne, saa tisa alasiri. Mume wangu huwa karakana, upande wa nyuma, na mbuzi ya nazi iliyofika nusu. Ukifika, msalimie, mtajie jina lako, mwambie unatoka wapi. Kisha vuta kigoda, uchukue msasa.